Kushona na Kushonesha



Kabati la kina mama, pale chini ya ukumbi, lina nyuso 14 za kwilti ambazo hazijamaliziwa. Tisa zilikusudiwa kwa msaada wa wakimbizi. Nne ni za mnada wetu wa mavuno. Moja iliachwa na mama yetu aliyetutangulia mbele za haki, na watoto wake wangependa kuipata. Kwenye kikao cha kina mama liliulizwa swali jepesi: tutazimaliziaje? Majibu yaligawanyika. Wengine walisema tushone kwa mkono, maana sadaka ni jasho. Wengine walisema tufunge mafundo tu, baridi haingoji. Wengine wakasema tuzipeleke kwenye mashine, tulipe, tumalize. Kisha mmoja akauliza, “Zikishonwa na mashine ya mtu mwingine, tutasemaje kwamba ni kazi yetu?” Hapo watu wakanyamaza, na wapo walioondoka hawajafurahi.

Ninaona swali hilo la mwisho linastahili kujibiwa, kwa sababu halihusu kwilti peke yake.

Kwa baba na vijana ambao hawajawahi kukaa na kina mama wa Alhamisi, nieleze kidogo. Kamusi zetu zina neno mfarishi, lakini hapa Minnesota tumezoea kusema kwilti. Ina matabaka matatu. Juu kuna uso, yaani vipande vya vitambaa vilivyokatwa na kuunganishwa kwa mpango. Katikati kuna pamba. Chini kuna kitambaa kizima. Watu wengi hupenda kazi ya uso, maana ndipo penye rangi na ubunifu. Lakini uso peke yake ni kitambaa chepesi chenye nyuzi zinazochomoza upande wa nyuma. Hauwezi kumfunika mtu, na ukiufua utafumuka. Lazima matabaka matatu yashikanishwe, na hapo ndipo wengi hukwama. Nenda nyumba yoyote ya mshona kwilti hapa Marekani, utakuta nyuso zimekunjwa kwenye sanduku zikisubiri.

Njia za kuzimalizia ni hasa tatu, ingawa mtu mwenye kwilti ndogo anaweza pia kutumia cherehani yake ya nyumbani.

Ya kwanza ni kushona kwa mkono. Matabaka hupigwa bandi ili yasiteleze, yanawambwa kwenye fremu, na watu wanakaa kuizunguka na sindano fupi wakipitisha mishono midogo midogo. Kwilti moja ya kitanda yaweza kula miezi.

Ya pili ni kufunga mafundo. Uzi mnene hupitishwa juu hadi chini na kurudi, ukafungwa fundo, kisha unaruka upana wa kiganja hivi na kufunga jingine. Watu wanne waliozoea wanaweza kumaliza blanketi moja kabla ya chakula cha mchana.

Ya tatu ni kuipeleka kwa mwenye cherehani ya mkono mrefu. Hiyo ni mashine inayokaa kwenye fremu kubwa. Kwilti hutulia mahali pake na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu yake. Wenye mashine hizo hutoza kwa inchi ya mraba. Tufanye hesabu: blanketi la inchi 60 kwa 80, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa kwa kwilti za Lutheran World Relief, lina inchi za mraba 4,800. Ukitozwa senti 2 kwa inchi, utalipa dola 96. Ukitozwa senti 3, utalipa dola 144. Pamba na kitambaa cha chini ni gharama nyingine, na michoro ya pekee hupandisha bei zaidi.

Sasa turudi kwenye swali. Kama mwingine ameshona matabaka, je, kwilti ni yangu?

Sikilizeni kwanza namna sisi wenyewe tunavyosema. Kiswahili kinatofautisha kushona na kushonesha, lakini mtu akirudi kutoka kwa fundi na gauni la Pasaka husema, “Nimeshona gauni.” Hakuna anayemwita mwongo. Na ni wangapi kati yetu tumejenga nyumba Kigamboni, Arusha au Kitengela tukiwa hapa hapa kwenye theluji? Tulituma pesa, tukapokea picha za msingi na za lenta kwenye simu, na leo tunasema kwa furaha, “Namshukuru Mungu, nimejenga.” Anayesikia anajua kwamba hukubeba zege. Kwa hiyo kuwatumia wengine kumalizia kazi yako hakujawahi kuwa dhambi kwetu. Tumelelewa tukijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Biblia nayo haituambii kwamba kazi takatifu ni ya mkono mmoja. Katika Kutoka sura ya 35, Bezaleli anaitwa kwa jina kusimamia ujenzi wa hema, na Oholiabu anawekwa pamoja naye. Lakini kabla yao wanatajwa wanawake wenye mioyo ya hekima waliosokota nyuzi na singa za mbuzi. Hema lilikuwa kazi ya wengi, na hakuna aliyesema halikuwa sadaka ya Israeli kwa sababu msokotaji hakuwa mfumaji.

Hapa Marekani pia iko mifano. Katika jimbo la Alabama, kwenye kona ya mto, kuna kijiji cha Boykin ambacho wengi hukiita Gee's Bend. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliofanya kazi kwenye shamba la pamba pale. Wanawake wake walishona kwilti kutoka kwenye nguo kuukuu za kazi ili watoto wasife baridi, na mwaka 2002 kwilti hizo zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho huko Houston, watu wakazitazama kama wanavyotazama michoro mikubwa. Desturi yao ilikuwa kwamba kila mama aliunganisha uso wake peke yake, kwa mawazo yake mwenyewe, kisha jirani walikusanyika kuushona pamoja. Kwilti iliendelea kuitwa ya yule mama. Wote walijua nani alipanga rangi na nani walishika sindano, na kujua huko kulitosha.

Naomba tulitazame neno hilo, kujua. Katika Gee's Bend mikono mingi haikumnyima mtu heshima kwa sababu hakuna mkono uliofichwa. Mambo hubadilika mkono ukifichwa.

Mfano wa jambo hilo unawahusu majirani zetu. Wengi wetu tunafanya kazi au kusoma na Wahmong wa Saint Paul. Wazazi wao walikimbia Laos baada ya vita kwisha mwaka 1975, wakapitia kambi za Thailand, na baadhi yao wakafika Pennsylvania, katika wilaya ya Lancaster. Huko Lancaster wanaishi Waamishi, Wakristo wanaopanda magari ya farasi, na watalii walikuwa wakija kwa wingi kununua kwilti zao. Wafanyabiashara wa kwilti waligundua kwamba wanawake wa Kihmong wana mikono hodari mno, kwa kuwa kwao kudarizi ni urithi wa mama na binti. Katika miaka ya 1980 wakaanza kuwapa kazi, na kwilti nyingi zilizouzwa kama za Waamishi zilikuwa zimepita mikononi mwa wakimbizi hao. Mtalii aliondoka akiamini kwamba bibi mmoja wa Kiamishi ameishona jioni kwa taa ya mafuta.

Wanawake wale walihitaji kazi, na waliipata. Hilo ni jema. Lakini hadithi iliyouza kwilti haikuwa na nafasi yao. Mkimbizi alikuwa na mkono bila jina. Sisi tuliofika nchi hii na kuanza kwa kufagia ofisi usiku, zile ambazo asubuhi watu huzikuta safi bila kujiuliza nani alikuwepo, tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kumficha aliyeunda ni kumwibia, hata kama umemlipa.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili. Kushonesha hakuiondoi kwilti mikononi mwetu. Tunaikosea haki pale tunapoacha watu waamini kwamba tumeshona sisi. Dawa yake ni rahisi na haigharimu senti. Kwenye kona ya nyuma ya kila kwilti tushone kipande kidogo cha kitambaa chenye maandishi: uso uliunganishwa na fulani, mishono ya matabaka ni ya fulani, mwaka fulani. Wanaoshindanisha kwilti katika maonyesho hapa wamezoea kuandika majina hayo mawili.

Lakini jina peke yake halitoshi, na hapa naingia mahali penye uzito. Miongoni mwetu yupo dada mwenye mashine ya mkono mrefu nyumbani kwake. Mashine hizo zinauzwa kwa maelfu ya dola, na huyu anafanyia kazi za watu jioni baada ya zamu yake. Kikaoni mtu alisema, “Tuna bahati, dada yetu atatufanyia, ni kazi ya Bwana.” Aliyesema hakuwa na nia mbaya. Lakini ukitamka “kazi ya Bwana” kabla hujauliza bei, umeshamfungia mwenzako mlango wa kusema hapana. Akikataa ataonekana hampendi Mungu. Akikubali atakaa usiku wa manane akishona akiwa na uchungu moyoni, na sisi Jumapili tutapokea shukrani za kwilti zile.

Tumlipishe hesabu ile ile. Kwilti 9 za msaada kwa dola 96 kila moja ni dola 864. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angesimama ibadani na kumwambia muumini mmoja, “Wewe leo utatoa dola 864.” Lakini ndivyo tulivyokuwa karibu kufanya, kwa sauti ya upole.

Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, Arauna alimpa vyote bure: uwanja, ng'ombe na kuni. Tusome 2 Samweli 24. Daudi alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu yeye. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa mali ya Arauna. Neno la Mungu, katika Walawi 19 na katika Yakobo 5, linasema kwa ukali juu ya ujira wa kibarua uliozuiwa. Sidhani ukali huo hupungua kwa sababu kibarua huyo anaimba nasi kwaya.

Kama dada mwenyewe atasema, “Mimi natoa kwilti tatu,” hiyo ni sadaka yake, na tuipokee kwa shangwe. Lakini aanze yeye. Kazi yetu ni kumuuliza bei kama tunavyomuuliza fundi mwingine yeyote, na kumpa nafasi ya kusema kwamba mwezi huu hana nafasi.

Sasa, je, tufanye nini na zile nyuso 14? Naona tusitafute njia moja kwa zote. Tuulize kwa kila moja: nani atafunikwa nayo?

Zile tisa za msaada zitakwenda kwa mtu ambaye hatutamwona. Lutheran World Relief ilianzishwa mwaka 1945, wakati Ulaya ilikuwa magofu, na hadi leo makanisa mengi ya jirani zetu huitengenezea kwilti. Atakayeipokea huenda ataitandika kama godoro, au ataitundika iwe pazia la familia katika hema. Hataangalia kama michoro ya mishono inafanana na manyoya ya ndege. Anahitaji joto, na anahitaji kitu kisichofumuka. Kwa hizo, mafundo yanatosha kabisa. Dola 864 tungezitumia vizuri zaidi kununua pamba na vitambaa vya kwilti nyingine.

Lakini “yanatosha” isiwe neno la uvivu. Pakiti ya pamba huandikwa umbali mkubwa unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono, au fundo na fundo. Tukiuzidi, pamba itahama na kujikusanya kwenye pembe mara ya kwanza kufuliwa. Vitenge vipya vifuliwe kabla, maana vingine huchuja rangi. Mafundo yakazwe, yavutwe, yajaribiwe. Wapo kati yetu waliopokea blanketi Nyarugusu. Mmoja wao alisema kikaoni kwamba hakumbuki rangi ya lile alilopewa utotoni. Anakumbuka kwamba lilikuwa jipya, halijatumiwa na mtu. Tusimpe mtu kazi mbovu kwa sababu tu yuko mbali na hawezi kuturudishia.

Mafundo yana faida nyingine. Hayahitaji ufundi. Kijana wa kipaimara anaweza, baba anayeogopa cherehani anaweza, bibi ambaye macho yamechoka anaweza kushika uzi huku mjukuu akipitisha sindano. Jumamosi mbili zinaweza kututosha.

Nne za mnada ni jambo jingine. Mnunuzi atatoa dola mia mbili, labda tatu, na ana haki ya kupata kitu kizuri na kujua anachonunua. Hizo tupeleke kwenye mashine, kwa dada yetu ikiwa atakubali, kwa bei yake. Gharama itolewe kwenye mapato na mtunza hazina aitangaze. Kwenye mnada aseme wazi: uso ni wa kina mama wa Alhamisi, mishono ni ya fulani. Kabla ya kuzipeleka, tunyooshe nyuso kwa pasi, tukate nyuzi zinazoning'inia, na kitambaa cha chini kizidi uso kwa inchi 4 hivi kila upande ili mashine ipate pa kushika. Kumpelekea mtu kazi iliyojikunja ni kumwongezea saa ambazo hatukuzilipia.

Imebaki ile moja.

Mama yetu aliikata kutoka kwenye khanga na vitenge alivyokuja navyo. Kwenye kipande kimoja bado yanasomeka maneno machache ya jina la khanga. Katika pembe moja alikwisha kuchora mistari ya chaki, bila shaka ili kuifuata kwa sindano. Karibu na katikati kuna kipande kimoja kilichogeuzwa, rangi yake haifuati mpango. Baadhi yetu tungependa kukifumua na kukirekebisha.

Nasema tusikiguse. Hatujui kama aligeuza kwa bahati mbaya au alitaka hivyo, na kazi ya kumalizia ya mtu mwingine haitupi ruhusa ya kumsahihisha. Kuhusu mishono, mimi ningependa ishonwe kwa mkono, kwenye fremu, na kila anayempenda aje apitishe mishono yake, mirefu kwa mifupi, iliyonyooka kwa iliyopinda. Wenzetu wa Sinodi ya Saint Paul na Dayosisi ya Iringa wameuita ushirikiano wao Bega kwa Bega, na sijui mahali ambapo neno hilo hutimia kwa mwili kama kwenye fremu ya kwilti, ambapo huwezi kusogeza kiwiko bila kumgusa jirani. Hili ndilo ambalo mashine, pamoja na uzuri wake wote, haitupi: saa za kukaa. Tukipeleka kila kitu mashineni tutapata mablanketi, lakini hatutakuwa tumekaa na waliofiwa. Waliosema kikaoni kwamba jasho lina maana yake hawakukosea. Wanadai haki ya kwilti hii.

Hata hivyo upendeleo wangu si amri. Waulizwe watoto wake kwanza. Huenda wao wanataka kuilalia kila siku na kuifua kila mwezi, na wanaona mishono ya mashine itadumu zaidi. Huenda hawawezi kungoja miezi. Wakisema mashine, iwe mashine. Katika Matendo 9, Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Nguo hizo zilikuwa mikononi mwa walioachiwa, na wao ndio waliozizungumzia. Tuwaachie watoto wa mama yetu nafasi hiyo.

Lisilofaa ni kuiacha kabatini mwaka mwingine kwa sababu sisi wakubwa hatujakubaliana. Uso wa kwilti uliokunjwa vizuri unaweza kudumu miaka 50 bila kumpa mtu joto la usiku mmoja. Mama yule hakukata khanga zake kwa ajili ya kabati.

Kina mama wamepanga kukutana Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni. Dada yetu mwenye mashine ameombwa aje na bei zake, bila kushinikizwa. Baba na vijana mnakaribishwa pia, hasa kwa ajili ya Jumamosi za mafundo. Hadi hapo, katika jumuiya za nyumbani tujadiliane maswali haya:

1. Ni kazi gani katika usharika wetu tunayoifurahia kila Jumapili bila kujua nani huifanya?
2. Je, kuna mtu tuliyewahi kumwomba huduma “kwa ajili ya Bwana” ambaye kwa kweli tulipaswa kumlipa? Bado kuna nafasi ya kumlipa?
3. Nyumbani kwako kuna kitu gani ulichokianza kwa upendo, ambacho kinahitaji mkono wa mwingine ili kimalizike?

Bwana awabariki, na azifanye imara kazi za mikono yetu sote, inayoonekana na isiyoonekana. Amina.